Moto Bila Daftari

Mfanyabiashara aliyenunua jora la kitambaa kwa shilingi elfu kumi na kuliuza kwa elfu kumi na tano hasemi kuwa amepata faida ya elfu tano mpaka atakapokwisha kutoa nauli ya chombo, ushuru wa forodha, ujira wa wachukuzi, kodi ya duka na mshahara wa karani. Akisema kabla ya hapo wenzake sokoni watamcheka. Na akiyaamini maneno yake mwenyewe, mwaka hautakwisha kabla mlango wa duka lake haujafungwa. Hekima hii ni kongwe, na wahenga waliitia katika maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari. Ni ajabu, basi, kwamba kanuni ambayo mchuuzi wa kitumbua huishika kila jioni huwekwa kando na mataifa makubwa yanapotangaza habari za moto ulio ghali kuliko mioto yote iliyopata kutafutwa na wanadamu.

Moto huo ni ule wa kuunganisha viini vya atomu. Jua na nyota huwaka kwa njia hiyo: viini vyepesi vya hidrojeni husongwa pamoja mpaka vikawa kiini kizito zaidi, na sehemu ndogo ya uzito wao hugeuka nishati. Vinu vya nyuklia vinavyotoa umeme leo hufanya kinyume chake. Hupasua viini vizito vya urani. Kuunganisha kunasifiwa kwa mambo mengi, na mengi ya hayo ni kweli. Deuteriamu, ambayo ni nusu ya fueli yake, hupatikana katika maji ya bahari. Moto huo hautoi moshi wa kuchafua hewa wala hauwezi kushika kasi ukashindwa kuzimwa; ukitikiswa kidogo hufa wenyewe. Taka zake hazidumu kwa maelfu ya miaka kama taka za urani. Hapana mtu mwenye akili anayezichukia sifa hizi. Linalostahili kuchukiwa ni desturi ya kusema kuwa kitu kimepatikana hali kilichopatikana ni dalili yake tu, na kuliita faida jambo ambalo karani yeyote mwaminifu angeliandika kwa wino mwekundu.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa mwezi Desemba 2022. Tarehe 5 ya mwezi huo, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, mionzi 192 ya leza ilielekezwa ndani ya kopo dogo lenye kidonge cha fueli kisichozidi punje ya pilipili manga. Nishati iliyobebwa na mionzi ilikuwa megajuli 2.05, iliyotoka katika muungano wa viini ilikuwa megajuli 3.15. Siku nane baadaye Waziri wa Nishati wa Marekani, Jennifer Granholm, aliitangaza habari hiyo mjini Washington, na kutoka hapo ikaenea dunia nzima katika kila lugha. Magazeti yaliandika kwamba moto wa nyota umetoa zaidi ya ulichopewa, na kwamba enzi ya umeme usiokwisha imebisha hodi.

Sasa na lifunguliwe daftari. Ili kuipata mionzi yenye megajuli 2.05, mitambo ya leza ilivuta kutoka katika waya za umeme megajuli 300 hivi. Kwa kipimo cha jikoni, megajuli 3.15 zaweza kuchemsha maji yasiyofika nusu ya ndoo ya lita 20, na megajuli 300 zaweza kuchemsha ndoo 44 za namna hiyo. Mtu aliyechoma kuni za ndoo 44 akapata nusu ndoo ya maji ya moto, kisha akaita majirani waje kushangilia faida, angeshikwa mkono kwa huruma na kurudishwa nyumbani. Wala nusu ndoo hiyo si umeme, ni joto. Ili joto liwe umeme hapana budi lichemshe maji, mvuke uzungushe turbini, na turbini izungushe jenereta. Na katika safari hiyo aghalabu theluthi moja tu, au zaidi kidogo, ndiyo ifikayo kwenye waya.

Haki na itendwe kwa wataalamu wa maabara ile. Hesabu ya megajuli 300 hawakuificha. Ilitajwa na wakuu wao wenyewe mbele ya waandishi siku ile ile. Kazi yao haikusimama hapo pia. Mwaka 2025 walipata megajuli 8.6, jambo ambalo miaka ishirini kabla yake wengi wangelidhani ndoto. Walakini hata megajuli hizo hazifiki sehemu 3 katika 100 za umeme uliotumika. Tena maabara ile haikujengwa kwa ajili ya taa za watu. Kazi yake ya kwanza ni kuchunguza silaha za nyuklia za Marekani pasipo kuzilipua, na kwa kazi hiyo mizani yake ni sahihi kabisa. Kosa lilitendeka njiani, baina ya maabara na mtaa, pale hesabu ya mwanafizikia ilipovikwa neno la mfanyabiashara. Kwa mwanafizikia, faida ni uwiano wa nishati iliyotoka katika kidonge na ile iliyokifikia. Kwa mtu anayelipa ankara ya umeme, faida ni kitu kingine kabisa. Neno moja likabeba maana mbili, na waliojua tofauti wakanyamaza kwa kuwa kimya kilileta bajeti.

Upo ukweli mmoja ambao peke yake ungetosha kuwatahadharisha watu na neno hili. Wanadamu walikwisha kuunganisha viini, wakapata nishati kuzidi walichokiweka, zamani sana. Tarehe 1 Novemba 1952 Marekani ililipua bomu lake la kwanza kubwa la hidrojeni huko Enewetak katika Bahari ya Pasifiki, na kisiwa cha Elugelab kikatoweka juu ya maji. Nishati ilikuwa tele kupita kiasi. Taa haikuwaka hata moja. Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili tangu kale. Mwako wa mawinguni na nguvu ipitayo katika waya vyote viwili huitwa umeme, walakini hapana aliyepata kudhani kuwa mvua ya radi itampigia pasi nguo zake. Tangu mwanzo shida haikuwa kuupata moto. Shida ni kuufuga.

Historia ya kuufuga ni ndefu, na yapasa isomwe na kila kijana anayetaka kuingia katika elimu hiyo, maana imejaa sherehe zilizotangulia harusi. Mwezi Machi 1951 Rais Juan Perón wa Argentina aliutangazia ulimwengu kuwa mtaalamu wake Ronald Richter, akifanya kazi katika kisiwa cha Huemul, amefaulu kuunganisha viini kwa njia inayotawalika. Mwaka uliofuata tume ya wataalamu wa nchi hiyo hiyo ikaikagua mitambo na kuona kuwa hapana kitu. Mwezi Agosti 1955, mjini Geneva, Homi Bhabha wa India, mwenyekiti wa mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya amani ya nishati ya atomu, alitabiri kuwa katika muda wa miaka 20 njia ya kuutawala muungano wa viini itapatikana. Mwezi Januari 1958 Waingereza walitangaza kuwa mtambo wao wa Zeta, uliokuwa Harwell, yaelekea umeunganisha viini kwa nguvu ya joto, magazeti yakashangilia. Mwezi Mei wa mwaka ule ule ikabidi kukiri kuwa nyutroni zilizoonekana zilikuwa na asili nyingine.

Huemul ulikuwa udanganyifu au upumbavu, na njia ya mwongo ni fupi. Bhabha na watu wa Zeta walikuwa wataalamu wa kweli, na ndiyo maana mfano wao wafaa kuogopwa zaidi. Hawakusema uongo, walisema mapema. Na malipo ya kusema mapema hayakutozwa kwao. Yalitozwa kwa waliowafuata, ambao kila walipotokea na matokeo ya haki walikutana na mzaha ule unaojulikana dunia nzima, kwamba umeme wa namna hii uko mbele kwa miaka 30 na utabaki mbele kwa miaka 30 daima.

Mzaha huo ni dhulma, na mkosoaji mwaminifu hauchukui kuwa silaha. Maendeleo yamekuwapo, na ni makubwa. Mwaka 1968 Warusi walitoa habari za mtambo wao uitwao tokamaki, wenye umbo la pete, ambao huzuia gesi ya moto kwa nguvu ya sumaku isiguse kuta. Wenzao wa nchi za magharibi walitia shaka. Basi mwaka 1969 kikundi cha Waingereza kilikwenda Moscow na vyombo vyao vya leza, kikapima joto wenyewe, kikarudi na jibu kuwa Warusi wamesema kweli. Hiyo ndiyo elimu katika adabu yake: mpinzani hualikwa aje na kipimo chake. Mwaka 1997 mtambo wa JET, uliokuwa Culham nchini Uingereza, ulitoa megawati 16 za muungano wa viini hali ukipashwa moto kwa megawati 24. Mwezi Oktoba 2023, katika siku zake za mwisho kabla ya kufungwa, ulitoa megajuli 69 katika sekunde 5 hivi kwa fueli ya miligramu 0.2 tu. Mwezi Februari 2025 mtambo wa WEST wa Ufaransa uliishika gesi ya moto kwa sekunde 1,337. Haya si mambo madogo. Walakini yakitazamwa kwa jicho la kituo cha umeme, kila moja lapungukiwa na jambo ambalo jingine linalo: JET ulikuwa na moto wa kweli usiodumu, na WEST ulidumu bila moto wa kweli, kwa kuwa haukutiwa tritiamu. Kituo cha umeme chahitaji vyote viwili pamoja, si kwa dakika 22, bali kwa miezi.

Watu wengi hudhani kuwa kilichobaki ni kuukuza moto tu, na kwamba siku moto utakapozidi kiasi fulani umeme utafuata kama kivuli kinavyomfuata mtu. Hapo ndipo penye kosa kubwa. Kati ya moto na waya kuna milango minne, wala hapana hata mmoja ufunguliwao kwa joto peke yake.

Mlango wa kwanza ni wa hesabu. Huko Saint-Paul-lez-Durance, kusini mwa Ufaransa, unajengwa mtambo wa ITER, kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 2006 na Umoja wa Ulaya, India, Japani, China, Korea ya Kusini, Urusi na Marekani. Nia yake ni kutoa megawati 500 za muungano wa viini kwa kupashwa moto wa megawati 50, na kwa sababu hiyo husemwa kuwa utazidisha nishati mara kumi. Msomaji asiyeambiwa zaidi atafikiri kuwa umeme ukiingia mmoja watatoka kumi. Mtambo huo hautatoa umeme hata kidogo; hauna turbini. Ikadiriwe kuwa ingewekwa. Megawati 500 za moto na zile 50 za kuupashia, zikigeuzwa umeme kwa theluthi moja, zingetoa megawati 183. Lakini eneo lote la mtambo, pamoja na pampu zake na baridi ya kutisha inayohitajiwa na sumaku zake, imekadiriwa kuwa litameza megawati 110 wakati wote, na kwa vipindi vifupi mahitaji yatapanda mpaka 620. Vyombo vya kupashia moto navyo hupoteza. Kama nusu ya umeme wavyotumia ndiyo ifikayo katika gesi, basi zile megawati 50 zataka umeme wa megawati 100. Mtu na ajumlishe mwenyewe: 110 na 100 ni 210, nazo zazidi 183. Ile mara kumi, ikipita katika milango ya nyumba yake yenyewe, yatoka ikiwa deni. Wajenzi wa ITER wanalijua hili, na hawakuujenga mtambo huo kuwa kituo cha umeme bali shule ya kuvijua vituo vijavyo. Basi na uitwe shule.

Mlango wa pili ni ukuta. Muungano ulio rahisi kuliko yote ni wa deuteriamu na tritiamu, na katika muungano huo sehemu 4 katika 5 za nishati hubebwa na nyutroni. Nyutroni haina chaji, sumaku haiishiki, hutoka katika gesi ikaupiga ukuta. Ndiko joto la kuchemshia maji litakakopatikana, na ndiko maangamizi ya ukuta yatakakotoka. Nyutroni hizo huzisukuma atomu za chuma zikatoka mahali pake, huzalisha gesi ya heliamu ndani ya chuma chenyewe, hukifanya kivimbe na kuwa chepesi kuvunjika, na hukitia mionzi hata mtu asiweze kukikaribia. Vipande vya ukuta vitabidi vibadilishwe na mikono ya mashine, kinu kikiwa kimezimwa. Na kinu kilichozimwa hakiuzi umeme. Hapana mahali duniani ambapo chuma kimekwisha kujaribiwa kwa miaka chini ya mvua nzito ya nyutroni za nguvu hiyo. Kituo cha kufanyia jaribio hilo kimo katika kujengwa karibu na Granada, Hispania. Kuahidi tarehe ya kuhamia katika nyumba ambayo matofali yake bado hayajajaribiwa ni ujasiri wa ajabu.

Mlango wa tatu ni fueli, na huu ndio usiosemwa kabisa katika sherehe. Husemwa kuwa bahari ina fueli ya kutosha mamilioni ya miaka. Bahari ina deuteriamu. Tritiamu haimo baharini kwa kiasi cha kuchotwa. Hufa nusu yake kila miaka 12.3, na ile inayopatikana kwa matumizi ya kiraia, kiasi cha kilo 25 au 30 duniani kote, hutoka zaidi katika vinu vya maji mazito vya Canada, yaani katika vile vile vinu vya kupasua viini ambavyo umeme mpya waambiwa utavifuta. Kinu cha kuunganisha chenye nguvu ya megawati 1,000 za moto kikifanya kazi mwaka mzima kitakula kilo 56 hivi. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Jibu la wataalamu ni kuwa kinu kitajizalishia tritiamu chenyewe, kwa kuzifanya nyutroni ziipige lithiamu iliyowekwa ukutani. Ni jibu zuri, na lina msingi wa kweli katika fizikia. Ila kila muungano hula tritiamu moja na kutoa nyutroni moja. Nyutroni nyingine zitapotea katika chuma na katika matundu ya vyombo. Hivyo hapana budi kutumia beriliamu au risasi ili nyutroni ziongezeke, na faida itakayobaki ni nyembamba kama ukingo wa karatasi. Tena tritiamu hiyo ikusanywe, isafishwe na kurudishwa katika moto kabla haijafa na bila ya kuvuja. Mzunguko huu haujapata kukamilishwa katika kinu chochote. Mkulima asiye na mbegu ya mwaka ujao hahesabiwi kuwa amevuna.

Mlango wa nne ni mwendo na bei. Kwa njia ya leza, kituo cha umeme kitapaswa kulipua vidonge kiasi cha 10 kwa kila sekunde, yaani 864,000 kwa siku, kila kimoja kikiwa kimetengenezwa kwa usahihi na kwa bei ya senti kadhaa. Katika maabara ya California milipuko ya siku huhesabiwa kwa vidole, na kidonge kimoja chema ni kazi ya majuma. Kwa njia ya sumaku, mashine yenye uzito wa maelfu ya tani yapasa iwe na moto wa nyuzi milioni 150 ndani yake, na umbali wa mita chache tu sumaku zenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kitu cha namna hiyo chaweza kujengwa. Kwamba chaweza kujengwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida atailipa, hilo ni swali jingine, nalo halijibiwi na mwanafizikia bali na mhasibu. ITER wenyewe, ambao mwanzoni ulitazamiwa kuwashwa mwaka 2016, ulisogezwa mpaka 2025. Na mwezi Julai 2024 ukasogezwa tena, utafiti uanze mwaka 2034 na moto wa deuteriamu na tritiamu uwake mwaka 2039, pamoja na nyongeza ya gharama ya euro bilioni 5.

Watetezi hawakosi majibu, na yapasa yasikilizwe. La kwanza husema kuwa kila uvumbuzi ulianza hivi: ndege ya kwanza ya ndugu Wright, mwaka 1903, iliruka sekunde 12 tu. Mfano huu wawageukia wanaoutumia. Ahadi ya ndugu Wright ilikuwa kuruka, na katika sekunde 12 zile mtu aliruka. Kilichopimwa ndicho kilichoahidiwa. Mfano ulio karibu zaidi ni wa kupasua viini. Mwezi Desemba 1942, mjini Chicago, kinu cha kwanza cha Enrico Fermi kilitoa nusu ya wati. Mwezi Desemba 1951, huko Idaho, kinu kingine kiliwasha balbu 4 za umeme. Mwezi Juni 1954, huko Obninsk, Warusi waliunga kinu chao katika waya za umeme wa watu. Baina ya nusu ya wati na balbu ilipita miaka 9. Baina ya balbu na waya ilipita miaka 3 isiyotimia. Katika kuunganisha viini, tangu utabiri wa Bhabha imepita miaka zaidi ya 70, na hapana bado mtambo uliotoa umeme ukazidi ule ulioumeza. Tofauti hii haitokani na uvivu wa watu. Yatokana na ugumu wa kitu chenyewe, na kitu kigumu hakilainishwi kwa kutangazwa kuwa laini.

La pili husema kuwa bila matumaini hapana fedha, na bila fedha hapana utafiti. Kwa hiyo kutia chumvi kidogo ni halali. Hoja hii ndiyo mbovu kuliko zote, maana yamfanya mwanachuoni kuwa dalali. Ahadi ni deni. Serikali iliyotoa fedha kwa kuambiwa umeme u karibu itarudi kudai umeme, na isipoupata itafunga mkoba wake kwa elimu yote, nzuri na mbaya pamoja. Aliyesema kweli kuwa kazi ni ya miaka 50 aweza kudumu miaka 50. Aliyesema kumi hukosa la kusema mwaka wa kumi na moja.

La tatu husema kuwa zama zimebadilika: sumaku mpya zenye nguvu zaidi zimepatikana, na makampuni ya watu binafsi yameingia kwa mtaji mkubwa. Mwaka 2023 kampuni ya Helion ilifanya mapatano na Microsoft ya kuiuzia umeme kuanzia mwaka 2028. Wengi wameicheka tarehe hiyo, na sababu za kuitilia shaka ni nyingi. Walakini mapatano hayo yana heshima moja ambayo matangazo ya serikali hayana: yametaja tarehe, na yameweka mita mahali pake, mwisho wa waya. Umeme ukifika utalipiwa. Usipofika hapana hotuba itakayoujaza waya. Laiti kila mtangazaji wa moto huu angekubali kuhukumiwa kwa mita ya namna hiyo.

Kuna madhara mengine yaliyo nje ya maabara. Hali ya hewa ya dunia haingoji. Mataifa yaliyokubaliana Paris mwaka 2015 kupunguza moshi hayawezi kuandika katika mpango wao umeme ambao mtambo wake wa shule tu utawaka mwaka 2039. Kila mara habari ya faida inapotangazwa bila daftari, mtu fulani mahali fulani hupata udhuru wa kuahirisha kazi inayowezekana leo, ya upepo, ya maji, ya joto la ardhini na ya jua lile la asili linalochomoza kila siku bila tokamaki, kwa kuwa ameambiwa kuwa wokovu u njiani. Ngojangoja huumiza matumbo. Na tumbo linaloumia aghalabu si la yule aliyeshauri kungoja.

Hapa wenye kalamu nao wana lawama yao. Habari hizi huingia katika Kiswahili kwa tafsiri ya haraka, na mtambo wa utafiti huitwa jua bandia. Mtafsiri alitaka kusifu, ila lugha ilimshinda maarifa: bandia ni kitu chenye sura ya kitu kingine pasipo kazi yake, kama mtoto wa bandia ambaye hali wala hakui. Neno hilo litastahili kufutwa siku kitu chenyewe kitakapoanza kufanya kazi ya jua. Kabla ya siku hiyo, kazi ya mwandishi ni kuuliza maswali manne kabla hajaandika neno faida. Umeme kiasi gani uliingia katika jengo lote? Umeme kiasi gani ulitoka? Ulitoka kwa muda gani? Na fueli ilipatikana wapi? Mwanafunzi wa fizikia ayaulize kwa mwalimu wake, na mwanafunzi wa lugha ayaulize kwa mhariri wake. Tangazo lisilojibu hayo manne na lipewe jina lake la haki, yaani habari ya maabara. Nalo ni jina la heshima lisilohitaji kuazima jingine.

Wala hapana haja ya kuufunga mlango. Watu waendelee kuutafuta moto wa nyota. Kuujua ni utukufu hata kama hautawasha taa ya mtu aliye hai leo, na huenda siku moja ukaiwasha. Kinachodaiwa ni kidogo mno: kwamba nguvu ihesabiwe mahali inapotumika, kama mali inavyohesabiwa baada ya ushuru na nauli. Mchuuzi wa kitumbua, jioni anapolipa deni la unga, mafuta na mkaa kabla hajafunga fundo la upindo wa kanga yake, amekwisha kuijua kanuni hiyo. Mataifa saba yenye maabara kubwa kuliko zote duniani hayapungukiwi na akili ya kuijua. Yanachopungukiwa ni aibu ya kuivunja.